Mashuka ya maternite niliyopimia nyumbani

Mucheke tu, mimi mwenyewe nimekwisha kujicheka. Ninashona nguo hapa Mushaki, na cherehani yangu iko karibu na moto wa jikoni, kwa sababu kunitoa nyumbani ni kazi ngumu. Hospitali ilipotaka mashuka ya maternite, yaani wodi ya wazazi, muuguzi mkuu alinipigia simu: "Papa, panda kwanza huku hospitali upime vitanda." Mvua ilikuwa inanyesha. Nikamjibu kwamba vipimo ninavyo tayari. Niliona kitanda ni kitanda, nikapima cha kwetu.

Siku ya kupeleka, mke wangu alinisaidia kubeba furushi. Kule hawapokei kitu bila kukijaribu, na kisipofaa, kazi anapewa fundi mwingine. Muuguzi akatandika shuka moja. Likafunika kitanda, likateremka pande zote mbili, likalala sakafuni. Akina mama waliojifungua wakaanza kuangaliana.

"Papa, hapa mama analala na mutoto wake tu," muuguzi akasema. "Ulipima kitanda ya nani?"

"Ya hospitali," nikajibu, nikitazama dirisha.

Mke wangu akashika pindo, akalikagua. "Dada, usimuhangaishe. Hii njo kipimo ya kitanda yetu. Aliitengenezesha pana hivi sababu njo mahali anashinda muchana yote."

Wodi nzima ikacheka. Muuguzi akajifuta machozi, akanipa futi ya kupimia. "Utayapunguza yote, Papa. Fundi mwingine sitamuita, lakini leo unapima."

Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikakunjua futi. Mama mmoja akaninong'oneza nipime polepole, mtoto wake amelala.