Mabakuli ya Bibi Oyniso

Sharofat alinikuta nafagia mbele ya lango, akasimama palepale nilipokusanya vumbi, akaniambia kwamba Bibi Oyniso anauza mabakuli yetu sokoni.

"Nimeona kwa macho yangu, bi harusi. Soko la Alhamisi iliyopita, kwa yule mwanamke wa vitu vikuukuu. Bakuli la buluu, maua ya pamba meupe. Langu kabisa!"

"Dada Sharofat, buluu na maua ya pamba yako kila nyumba."

"Ndiyo, kila nyumba! Na ya kila nyumba yameingia kwa bibi, hakuna lililotoka. Lako limerudi?"

Lilikuwa halijarudi. Nikaendelea kufagia. Akainua mguu mmoja nipitishe fagio, kisha wa pili, bila kukatiza maneno yake. Jumapili wakwe walikuwa wanakuja kuvunja mkate wa posa ya binti yake Madina, na yeye alitaka seti yake ikamilike mezani. Hapo ndipo alipokumbuka bakuli alilompelekea bibi supu wakati wa theluji.

Mtaani kwetu mke wa mtoto huitwa bi harusi mpaka naye apate mkaza mwana wake. Mimi nina mtoto anayeota meno, mume wangu yuko Urusi anajenga maghorofa ya watu, na bado ni bi harusi. Kwa hiyo nasikia mengi. Watu husema mbele ya bi harusi kama wanavyosema mbele ya kuku.

Bibi Oyniso ni jirani yetu wa ukuta. Alifanya kazi kiwanda cha hariri mpaka kilipofungwa, na vidole vyake bado vina wekundu wa yale maji ya moto waliyokuwa wakichovyea vifukofuko vya hariri. Mumewe alikufa zamani. Mwanawe, Shuhrat, naye yuko Urusi. Mwanzo alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, halafu kila mwezi, sasa hupiga sikukuu. Ukimuuliza bibi, atasema, "Ana kazi," na atasema kwa namna ambayo hutauliza tena.

Nilipoolewa, mama mkwe wangu alimfanya bibi kuwa fimbo ya kunichapia. "Umeamka? Bibi Oyniso ameshafagia, ameshanyunyiza maji." Ningeweza kumchukia, lakini hachukiki. Kitambaa chake cha kichwa hupigwa pasi hata siku ambayo haendi popote. Soksi zake zimeshonwa vidoleni kwa nyuzi za rangi, ukitazama unadhani ni maua yaliyotariziwa kwa makusudi. Arusini huja na kitu kimefungwa kwenye kitambaa, na huondoka mikono mitupu. Siku hizi akina mama wanakuja na mifuko ya plastiki imekunjwa kifuani, na nyama imeshaingia mfukoni kabla bi harusi hajafunuliwa uso. Niliona mara moja mwanamke akimsukumia bibi sahani ya pipi. "Chukua, bibi, kila mtu anachukua." Bibi akajibu, "Basi mimi nitabaki kukumbuka zilivyokuwa nzuri mezani," akaipangusa sahani pembeni na kuirudisha katikati.

Na kuhusu bakuli. Bakuli la jirani halirudi tupu, hilo sote tumefundishwa, ila wengi tumelegea. Mtu anarudisha na pipi moja inayogongagonga ndani, mwingine anampa mtoto, "Peleka upesi." Mama mkwe husimulia kwamba miaka ya vita, unga ulipopotea kabisa, Bibi Oyniso alirudisha bakuli lao likiwa na chumvi kidogo na matawi ya mrehani. "Tulikuwa na njaa," husema mama mkwe, "lakini nyumba ilinukia."

Basi kipupwe hiki bibi aliteleza kwenye barafu pale bombani, akaumia goti. Alilala ndani mpaka theluji ikayeyuka. Mtaa wetu una midomo, lakini una mioyo pia. Pilau ilikwenda, uji ulikwenda, supu ya tambi ilikwenda, na supu nzuri kuliko zote, niseme kweli, ilikuwa ya Sharofat. Kila chakula na bakuli lake. Kuku wa bibi waliacha kutaga kwa baridi, halafu mbwa wa mtu akawamaliza. Aprikoti zake kavu zikaisha. Mabakuli yakawa yanaingia tu.

Jioni ya siku ile Sharofat alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu la wanawake wa mtaa. "Mwenye bakuli kwa Bibi Oyniso aseme mapema, kabla halijapata bwana mwingine." Vikatuna vya kucheka vikamiminika. Mmoja akaandika kwamba safari nyingine tumpelekee kwenye makopo ya plastiki, akiyauza hatutapata hasara. Mama mkwe alikuwa anasikiliza kando yangu. Akaweka chini piyali yake, kikombe cha chai kisicho na mkono, kabla hajaimaliza, jambo ambalo halifanyi.

"Kesho nenda kwake," aliniambia. "Mchukue mtoto. Hakuna anayefunga mlango mbele ya mtoto."

Bibi alifungua akiwa na kitambaa kilichonyooshwa na fimbo mkononi. Akanikaribisha, akamimina chai, akambusu mwanangu Sitora kwenye nyayo. Chumba kilikuwa safi, kikavu, na hakuna kitu mezani ila mkate nilioleta mimi. Tukasema habari za meno. Sitora akatambaa hadi kwenye shubaka la ukutani, akashika pazia, akalivuta.

Mabakuli yalikuwa pale. Yamepangwa moja juu ya jingine, yamesuguliwa mpaka yanang'aa, na kati ya kila mawili kuna kipande cha karatasi yasikwaruzane.

Bibi aliinua mkono kwenye kitambaa chake cha kichwa, kama mtu aliyekutwa kichwa wazi.

"Kumbe yapo!" nikasema.

"Yaende wapi?"

"Bibi, wanasema..."

"Najua wanavyosema. Ukuta wetu ni wa udongo na Sharofat hanong'oni." Akashusha moja na kuligeuza. Chini lilikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha, maana kila mmoja wetu huweka alama yake, la sivyo arusi ikiisha hakuna ajuaye la nani ni lipi. "Hili ndilo lake. Analiona sokoni, na mimi naliosha kila Jumatatu."

"Basi nikupelekee sasa hivi. Nyumba zote. Dakika chache tu."

"Na ndani uweke nini?"

Nikalitazama bakuli mkononi mwake.

"Mwanangu, nilikula pilau za watu kipupwe kizima. Nililala pale nikasikia hatua kwenye theluji, nikajua leo nakumbukwa na nyumba fulani. Sasa niwarudishie udongo mtupu?"

"Hakuna atakayesema kitu, bibi. Siku hizi watu hawatazami."

"Mimi nitatazama."

Nikamwambia tuna unga, tuna zabibu, mama mkwe mwenyewe atafurahi, tutajaza yote na hakuna atakayejua. Akacheka mpaka akashika goti.

"Hapo utakuwa wema wako umevaa kitambaa changu. La. Nasubiri mti."

Akanionyesha kwa kidole nje ya dirisha. Uani kwake kuna mforosadi aliopanda mumewe, ule wa matunda meupe, matamu kama asali. Miaka mingine wakati kama ule tunakuwa tumeshakula mpaka tumechoka. Mwaka huu baridi ilirudi maua yakiwa wazi, na matunda yalikuwa bado madogo, ya kijani, magumu.

"Yataiva," akasema bibi. "Na usiniandike kwenye simu. Niahidi. Sitaki kutetewa na vikatuna."

Nikaahidi. Nilimweleza mama mkwe peke yake, naye akasema, "Huyo ndiye Oyniso," akaenda kukanda unga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku zikawa zinakwenda na matunda hayaendi. Kila asubuhi nilichungulia juu ya ukuta nikiwa na Sitora begani, na kila asubuhi nilimkuta bibi amesimama chini ya mti, kichwa nyuma, kama anayemsubiri mtu kwenye kituo cha treni. "Bado?" "Bado. Yana kiburi kama mwenye mti."

Ijumaa Sharofat akaja mwenyewe, na Madina nyuma yake. Nilisikia lango likigongwa nikasogea ukutani.

"Bibi, samahani, nimekuja kuchukua bakuli langu."

"Karibuni ndani. Chai ipo."

"Sina nafasi ya chai. Wakwe wanakuja keshokutwa. Nipe bakuli langu, kama bado lipo."

"Lipo."

"Basi lilete!"

Bibi aliegemea fimbo. Nilimwona anatazama juu, kwenye matawi. Angeingia ndani na kutoka nalo, na maneno yote ya mtaa yangekwisha palepale langoni.

"Litakuja kwako, mwanangu Sharofat, na kitu ndani yake, kama lilivyokuja kwangu."

"Eh!" Sharofat akapiga kofi pajani. "Nani anayeangalia hayo leo, bibi? Mimi mwenyewe juzi nimerudisha la watu tupu, na bado tunasalimiana! Sema tu kama limevunjika. Sema kama umeliuza, nitakusamehe, Mungu shahidi. Lakini usinifanye mjinga."

"Dada Sharofat," nikaita juu ya ukuta, "mabakuli yapo. Nimeyaona. Yote."

"Wewe bi harusi shika mtoto wako! Kama yapo, ayatoe."

Madina alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mama, twende. Tutatumia lile jingine."

"Lile jingine lina ufa! Wakwe waseme nini?"

"Waseme tuna bakuli lenye ufa," akajibu Madina, na nilimpenda kwa jibu lile.

Bibi alisimama wima, mikono yote juu ya fimbo, midomo imekazwa, akawatazama mpaka Sharofat akaishiwa. Lakini Sharofat haishiwi bila kubakiza tone. Akiwa ameshageuka akasema, kwa sauti ya kusikika nyumba mbili mbele, "Haya. Kipupwe kingine tutajua pa kupeleka supu."

Lango likafungwa. Bibi alibaki palepale. Nilitaka kuruka ukuta. Nilitaka kupiga kelele, kushika simu, kupiga picha shubaka lile na kuituma kwa dunia nzima, na nilikuwa nimeahidi. Nikaita, "Bibi?" Akanipungia mkono bila kugeuka, akaingia ndani.

Sikumwona Jumamosi asubuhi. Mama mkwe akasema mwache, mtu aliyepigwa hapendi kutazamwa. Jua lilikuwa kali siku ile, la kwanza kali mwaka huu, udongo wa ukuta ukawa wa moto ukiugusa. Jioni nilikuwa naanua nguo za mtoto niliposikia fimbo ikigonga ukuta. Kichwa cha bibi kikatokea upande wa pili. Alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, na goti lile.

"Bibi, shuka! Utaanguka!"

"Nyamaza, watu watasikia." Pumzi zilikuwa zinampaa. Akanyoosha kiganja, na ndani kulikuwa na matunda meupe, machache, laini, moja limepasuka na kumchafua. "Onja."

Nikaonja. Nikamkandia Sitora moja mdomoni, akafumba macho.

"Tawi la kusini tu," akasema. "Yale mengine bado. Hayatajaza bakuli, lakini kila moja litafunikwa chini." Alifungua mdomo, akaufunga, akakisawazisha kitambaa ambacho hakikuwa kimekwenda upande. Katika miaka yote niliyoishi ukuta mmoja naye hajawahi kuniomba hata kiberiti, na nikaona jinsi jambo lile linavyomtoka kwa shida, kama mwiba.

"Nilijaribu peke yangu," akasema. "Nikipiga tawi, yanaangukia udongoni, yanapasuka. Siwezi kuwapa watu matunda ya udongoni." Akanitazama, kisha akatazama pembeni. "Mohira." Hakuniita bi harusi. "Kesho alfajiri, kabla ya wakwe wa Sharofat, kama mtoto atakuwa amelala, na kama mama mkwe wako hatakuwa na kazi nawe... njoo unishikie shuka chini ya tawi."