Wanawake Aliowachoma Osob

Katika kijiji chao kando ya barabara ya Modogashe, Osob Abdille alijulikana kuliko chifu, na aliogopwa kumzidi kidogo. Kazi ya mama huyu ilikuwa kuchoma. Mtoto mwenye macho ya manjano, mzee anayeumwa nyonga, hata ngamia anayechechemea, wote walipita chini ya chuma chake chekundu. Wengi walipona, au walisema wamepona ili wasichomwe tena.

Mwanamke aliyeotwa na uvimbe kwenye titi naye alikuja kwake. Angeenda wapi? Kipimo kilikuwa Garissa mjini, nauli na ada vilikula mbuzi mzima, na bima haikumlipia mtu ambaye bado anatembea. Osob alikuwa karibu, na hakudai kitu ila dua. Basi alichoma. Uvimbe ulinyamaza mwezi mmoja, miwili, kisha ukapasuka, na mwanamke akazikwa.

Waliokufa hivyo walikuwa tisa katika miaka mitano. Wa mwisho, Kinsi, aliubusu mkono uleule uliomchoma. Tangu azikwe, Osob hakuonja raha. Kila alipomaliza sala na kugeuza uso kulia kutoa salamu, alihisi Kinsi ameketi pale, kiganja kifuani, kama anayengoja zamu yake. Alisoma Ayatul Kursi, akafukiza ubani, akaacha hata kula nyama ya kuchoma. Kinsi hakuondoka.

Siku ya kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya afya, Osob alikwenda akaketi nyuma ya wanawake wote. Afisa mmoja kijana, mtu wa bara, suti imembana kwapani, alisoma pendekezo: zahanati ipate muuguzi wa kupima saratani ya matiti na ya kizazi bure, kila mwezi. Kisha akalitilia maji mwenyewe. Vitabu vyake, alisema, vinaonyesha kwamba kwa miaka mitano saratani imeua mwanamke mmoja tu hapa. Afadhali fedha hizo ziende kwingine.

Mficha maradhi, kilio humfichua, ndivyo tunavyoambiwa. Hapa vilio vilikuwa tele, ila hakuna aliyevipeleka ofisini. Maiti huoshwa, huswaliwa, huzikwa siku hiyohiyo, na karani hana habari. Aliyejua idadi ni Osob peke yake. Kuitaja ilikuwa kujishtaki mbele ya waume na ndugu wa marehemu, watu ambao kwao damu haipotei bure. Aliogopa, lakini alisimama.

"Andika," alimwambia afisa. "Si moja. Ni tisa. Mimi nilichoma wao na mkono hii."

"Mama, kaa kwanza, maswali ni baadaye."

"Andika! Filsan, bibi ya Guleid. Arbia. Hamdi, ile mama ya mapacha…"

Aliwataja mmoja baada ya mwingine. Kila jina lilipotajwa, mwanamume fulani aliinamisha kichwa. Lilipobaki moja, Osob alimtafuta Alio, mume wa Kinsi, akamkuta anamtazama.

"Kinsi," alisema. "Kinsi ya Alio. Walahi, mimi nilikuwa sijui."

Alio aliinuka polepole, fimbo mkononi. Wanaume wawili wakajiweka tayari kumshika. Lakini hakumwendea Osob, alimgeukia afisa.

"Eeddo amesahau moja," alisema, kwa maana alimheshimu Osob kama shangazi. "Nasteha."

Afisa aliandika. "Nasteha. Alifariki lini?"

"Hajakufa. Ni msichana yangu, ya Kinsi. Ako nyumbani. Hiyo kitu ya mama yake, sasa yeye pia ako nayo. Ijumaa nilikuwa napeleka yeye kwa eeddo, achomwe."

Osob alikuwa bado wima, mikono yote miwili ameificha chini ya shungi.

"Hiyo nesi," alimwuliza afisa, "anaweza kufika kabla ya Ijumaa?"