Siku Mashapo Yaliponuka Kilabu

Nilikuwa mwalimu mwanafunzi Nyantakara, kijiji cha ujamaa ambacho kuta zake bado zilikuwa mbichi. Mkufunzi wangu alikuwa anakuja kunikagua nikifundisha; akiniangusha, narudi Ngara kupalilia migomba ya baba, na jembe mimi sikulipenda hata kidogo. Nikachagua somo la kumtia kiwewe: jinsi sakafu ya bahari inavyozama chini ya nchi kavu na matope yake yanavyoshindiliwa. Darasa zima hakuna aliyewahi kuiona bahari, mwalimu akiwemo.

"Kesho kila mmoja alete mashapo," niliwaambia darasa la saba. Nilimaanisha matope ya mtoni, maana kitabu kiliyaita hivyo. Wao neno hilo walilijua kwa walevi tu. Asubuhi wakaja na vibuyu vya machicha ya pombe ya ndizi, darasa likanuka kilabu. Nilitamani kuwachapa wote, lakini mkufunzi alikwishakaa nyuma.

Nikajikaza. Nikamimina machicha guniani, nikalibana kwa mbao mbili, nikawakalisha juu yake wavulana wazito. Pombe ikachuruzika sakafuni.

"Ndivyo inavyokuwa," nikasema kwa uso mkavu. "Matope mengine yanakwanguliwa na kurundikana ukingoni mwa nchi kavu, mengine yanaburutwa chini. Mzigo unayakamua, maji yanatoka, chembe zinabanana mpaka matope yanakuwa mwamba. Maji yakikosa pa kutokea, yanabaki ndani yakisukuma, matope hayashikani, na siku moja ardhi inateleza."

Mkufunzi akauliza nani ameelewa. Akasimama msichana mmoja ambaye nyumba yao ya zamani ilibomolewa ili wahamie kijijini.

"Ni kama sisi, mwarimu. Turikuwa tunakaa mbarimbari, tukasukumwa hapa, tukabanwa. Wengine hatujapata pa kutokea."

Hata wale wa juu ya gunia waliacha kucheka. Niliogopa, kwa ajili yangu na zaidi kwa ajili yake, kwa sababu maneno ya namna hiyo yalimfikisha mzazi wa mtu mbele ya viongozi. Mkufunzi alivua miwani, akaifuta kwa shati bila haraka.

"Mwalimu, somo lilikuwa la bahari?"

"La bahari, mzee."

"Basi na mimi nimesikia habari za bahari tu. Umefaulu." Kisha akamgeukia msichana, aliyekuwa bado amesimama. "Kaa, mwanangu. Umejibu sawasawa."