Jicho la Biskuti

Leo Baba amemwinua mbwa wangu, na jicho la mbwa likatoka nje.

Sitanii.

Biskuti ni Pekingese, wale mbwa wadogo wenye uso bapa na macho makubwa yaliyokaa juu juu, yanayoweza kuchomoka ngozi ya shingo ikivutwa. Nilitoka naye Kitale jana kusalimia wazazi Matulo. Asubuhi akaanza kufukuza kuku, na Baba akamnyanyua kwa ngozi ya shingo, vile amekuwa akinyanyua mbwa wake miaka yote.

Jicho la kushoto likachomoka, likabaki nje ya kope.

Nilimpigia daktari wa mifugo Bungoma. Akasema, "Usijaribu kulirudisha. Lifunike na kitambaa safi chenye maji ya chumvi, na mje sasa hivi."

Tukapanda boda. Baba katikati, Biskuti kifuani, kitambaa mkononi. Mimi nyuma na chupa ya maji, na hasira ambayo hata siwezi kuandika hapa.

Njiani Baba, ambaye huniita Mama tangu utotoni, akasema bila kugeuka, "Mama, hukuniambia hawa hawashikwi shingo."

Ni kweli. Sikumwambia.

Daktari amelirudisha na kushona kope. Kama litaona, tutajua nyuzi zikitolewa.

Sasa tumekaa nje ya kliniki. Baba amempakata vile daktari alimwonyesha, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Hajasema pole. Ameuliza tu kama anaweza kukaa naye Matulo mpaka apone.



Nyinyi mngemwachia?