Nilivyopulizia dawa kuni za mama mkwe kisa thripsi wasio na hatia

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe hapa Isikizya, na chumvi sijaongeza.

Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake akaja kutoka Ziba kumkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Kuni alikusanya mwenyewe porini, matawi makavu, akayapanga pembeni ya bustani yangu ya vitunguu.

Mambo ya mkwe mnayajua. Shikamoo, marahaba, basi. Mengine yote yanapitia kwa mke.

Sasa mchana mmoja naona vidudu vyeusi vyembamba kwenye zile kuni. Nikajua ni thripsi, wale wale wanaobabua vitunguu vyangu. Kumwambia mama ahamishe kuni nikaona aibu. Nikasubiri asinzie, nikapulizia dawa rundo zima.

Hapo najiona mtaalamu kweli kweli!

Nikapiga picha, nikamtumia rafiki yangu afisa ugani. Akajibu:

"Ume-zoom mkia? Una kimrija mwishoni. Wa vitunguu ni wadogo zaidi, manjano manjano, kimrija hawana. Hao ni thripsi pia, ila wanakula ukungu wa matawi yaliyokufa. Vitunguu vyako hawana habari navyo."

Nainua kichwa, mama mkwe anapanga zile kuni mafigani, kiberiti mkononi! Mke wangu na mtoto wa siku sita wamekaa hapo hapo.

"Mama, usiwashe! Zina sumu!"

Tangu nioe, sikuwahi kumwambia maneno mengi hivyo.

Nikaeleza yote nikitazama chini. Mama akaenda kunawa mikono kwa sabuni. Nikazitenga zile kuni mbali, nikaingia porini mwenyewe. Nimerudi na mzigo kichwani, majirani hawana mbavu.

Mama akachukua tawi moja kwenye mzigo wangu, vidudu vyeusi vikachomoza. Akaligonga taratibu chini ya mti mpaka vikadondoka, ndipo akalipeleka motoni.

"Siku nyingine niambie mwenyewe, baba," akasema. "Nimekuja kulea. Na wewe umo."

Nampenda yule mama, wakuu, sioni haya kusema.

Nilichojifunza: mdudu mkague mkia kabla hujashika bomba la dawa, na heshima isikuzibe mdomo penye hatari.

Wenye wakwe humu, ninyi mlianzaje kuongea nao?