Rafadha ya Boti ya Harusi

WATAMU, 1986 – Maji yamekupwa katika hori ya Mida, mkono wa bahari unaoingia bara. Boti ya Bi Zuleikha Abdillahi imelala mchangani, na chini ya tezi, upande wa nyuma, fundi Phineas Musembi amejinyoosha chali, spana mkononi, akifungua nati ya rafadha, lile panga linalozunguka majini kuisukuma boti. Mchanga umemjaa nyweleni. Anapiga mluzi.

"Ukisikia mluzi, jua fundi ameshaupata ugonjwa," asema nahodha Kiponda.

Juma lililopita hakuna aliyepiga mluzi. Bi Zuleikha, ambaye boti yake hupeleka wageni wa hoteli kutazama samaki miambani, alikuwa amenunua rafadha ya mtumba, iliyotolewa kwenye boti ya mbio. Boti ikiwa tupu ilikimbia hata watu wakatoka majumbani kuitazama.

Siku ilipojaa abiria, mambo yaligeuka. Wakirudi, pale mlangoni mwa hori ambapo maji hutoka kwa nguvu, injini ilikoroma, ikatapika moshi mweusi, na boti ikaanza kurudishwa nyuma, mwambani. Ilibidi ivutwe na boti nyingine.

"Nilisema injini imekufa, niiuze chuma chakavu," asema Bi Zuleikha. "Na harusi ya mwanangu iko Uyombo, ng'ambo ya hori. Watu wangu ningewavusha na nini?"

Musembi, mzaliwa wa Kitui, alishuka pwani kutengeneza mashine za kusaga unga kule Marafa kabla ya kuhamia kwenye boti. Injini hakuigusa. Alitazama mapanga ya rafadha yalivyopinda.

"Hii ni ya kumi na tano," aeleza. "Yaani ikizunguka mara moja, inataka kuisukuma boti inchi kumi na tano. Hiyo ni hatua ndefu. Sasa wewe ukipanda mlima na gunia mgongoni, utarefusha hatua?"

Alijaribu ya kumi na moja. Injini ikalia kwa kasi kama cherehani, boti ikajikokota. Hatua zilikuwa fupi mno. Leo anafunga ya kumi na tatu, aliyoazima Kilifi.

"Mama, nipatie watu wa kuijaza," amwambia Bi Zuleikha.

"Watu gani, baba?"

"Wale wale wa harusi."

Alasiri, maji yakianza kutoka tena, akina mama wanapanda na leso zao, wakiimba. Kiponda anatoka nje ya hori, anageuza, anaikabili mikondo. Mlangoni boti inasita. Nyimbo zinakatika. Musembi ameuweka mkono juu ya kifuniko cha injini, macho kwenye bomba la moshi.

Moshi ni mwembamba. Mngurumo unapanda, unatulia, na mikoko ya ukingoni inaanza kurudi nyuma, mti baada ya mti.

"Imeshika!" apaza sauti Kiponda. Vigelegele vinafunika injini.

"Fundi, harusini utakuja," asema Bi Zuleikha. "Udhuru sitaki."

Musembi ana ndoto ya kufungua karakana yenye rafadha za kila aina, ili wenye boti wa Kilifi hadi Malindi wajaribu kwanza ndipo wanunue. Lakini kuna jambo la kabla ya hilo, na analisema kwa sauti ya chini.

"Nataka kujifunza kuogelea. Pale mlangoni, mimi ndiye niliyeogopa kuliko akina mama wote."

Kiponda amekubali kumfundisha. Wanaanza Jumatatu, kwenye maji ya magotini.