Mama Mkwe Kwenye Tamthilia

Juzi stendi ya Mpwapwa, tukisubiri basi la Dodoma, mwanamke mmoja alikuwa akimtafsiria mama mkwe wake kwa Kigogo tamthilia iliyokuwa kwenye runinga ya stendi. Ikafika mahali mke anamfukuza mama wa mumewe na kumtupia mzigo nje.

“Anampeleka wapi?” bibi akauliza.

“Anamsindikiza tu, mama. Anakwenda kusalimia ndugu.”

Bibi akalitazama begi lao.

“Na mimi unanisindikiza?”

Mwanamke akalifungua begi. “Tunakwenda hospitali, mama. Nguo zako na zangu zimo humu humu. Tutarudi wote.”

Bibi akazipapasa nguo zile, akafunga zipu mwenyewe. Tamthilia iliendelea, lakini hakuomba tena kutafsiriwa. Nadhani jibu alilolitaka halikuwa kwenye runinga.